Mkopo au Kibarua: Neno kwa Wazazi na Vijana wa Guta

Leo nazungumza kwa namna ya pekee na wewe uliyeko Guta, hapa Bunda mkoani Mara, unayesikiliza huku ukianua dagaa, au ukisubiri giza liingie ndipo mtumbwi uondoke.

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kaya yenye mtoto aliyefaulu hupata furaha ya siku mbili tatu, kisha wazee hukaa chini na swali la fedha. Ada atalipa nani? Mtoto atakula nini huko Mwanza, Dodoma au Dar es Salaam? Hapo ndipo njia mbili huwekwa mbele ya watu. Moja ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Nyingine ni mtoto kwenda chuoni akitegemea mikono yake: atatafuta kibarua, atajisomesha, atamaliza bila kudaiwa na mtu. Nikiwasikiliza wazazi wengi wa ufukweni huku, naona mioyo yao iko kwenye njia ya pili. Kijana anayejisomesha kwa jasho anasifiwa hadi kanisani. Anayesoma kwa mkopo anaonekana ameanza maisha na nira shingoni.

Mimi nasimama upande mwingine, na nitasema wazi tangu mwanzo ili tusipoteane. Mtoto wa mvuvi au wa mkulima wa pamba aliyepata nafasi ya chuo aombe mkopo, aombe wote anaostahili, na asome. Kibarua kina mahali pake, nami nitakitaja mahali hapo. Lakini kibarua kisiwe ndiyo ada, wala kisiwe ndiyo chakula chake cha kila siku katika mwaka wa kwanza.

Najua hofu inatoka wapi. Neno mkopo limechafuka midomoni mwetu kwa sababu ya mikopo ile ya mitaani tunayoiita kausha damu. Mama anachukua laki mbili asubuhi apate mtaji wa kununua samaki mwaloni, na kuanzia kesho yake mtu wa kukusanya yuko mlangoni, samaki wapatikane au wasipatikane. Ziwa likichafuka siku tatu, sufuria na godoro vinabebwa. Nani asingeogopa? Mzazi aliyewahi kuona jirani yake akibebewa kitanda, ukimtajia mkopo wa chuo anaona kitanda kile kile.

Basi tutenganishe vitu hivi viwili, maana ni tofauti mno. Mkopo wa Bodi hauwekewi rehani hati ya shamba wala mtumbwi. Hakuna anayegonga mlango kesho yake. Sheria inampa mhitimu miezi 24 baada ya kumaliza masomo kabla hajaanza kutakiwa kurejesha. Akiajiriwa, mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi. Mshahara mdogo, makato madogo.

Zamani kulikuwa na jambo lililoumiza watu kweli, na wanaoukemea mkopo wana haki ya kulikumbuka. Bodi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Mwaka 2016 sheria ikarekebishwa, makato yakapanda kutoka asilimia 8 hadi 15. Juu ya hapo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Chukua mwalimu anayedaiwa milioni 9 na mshahara wake wa msingi ni shilingi 800,000. Kila mwezi anakatwa 120,000. Tozo ile ya asilimia 6 kwa deni la milioni 9 ni 540,000 kwa mwaka, yaani 45,000 kwa mwezi. Zaidi ya theluthi ya makato yake ilikuwa inamezwa na tozo kabla haijagusa deni lenyewe. Ndiyo maana mlikuwa mnawasikia walimu wakisema wanalipa mwaka hadi mwaka na deni halishuki. Walikuwa hawasemi uongo.

Tozo hiyo imefutwa. Rais Samia Suluhu Hassan alilitangaza jambo hilo hapo jirani yetu Mwanza, kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2021, na ile adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa nayo ikaondolewa mwaka huo. Leo mwalimu wetu yule yule wa milioni 9, ukiacha tozo ndogo ya uendeshaji ya asilimia 1, anamaliza deni kwa miezi 75. Miaka 6 na miezi 3, hata mshahara usipopanda shilingi moja. Huo ni mzigo, sikatai. Lakini ni mzigo wenye mwisho unaoweza kuuhesabu kwa vidole, na unaubeba ukiwa tayari na mshahara.

Sasa tuje kwenye kibarua, na tufanye hesabu bila kumwonea mtu.

Wazazi wengi huogopa ada. Ada ya chuo cha umma kwa kozi nyingi iko kwenye milioni moja na ushee kwa mwaka; ni fedha nyingi, lakini ukoo ukichangishana, ng'ombe mmoja akiuzwa na kikoba kikivunjwa, inaweza kupatikana. Kinachowavunja vijana ni tumbo na kitanda. Bodi kwa sasa inampa mwanafunzi shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi. Kabla ya mwaka wa masomo 2022/23 ilikuwa 8,500. Fedha hii hutolewa kwa awamu, na vijana wenyewe huiita bumu. Mwaka wa masomo una siku 240 hivi. Zidisha mwenyewe: ni milioni 2 na laki 4, zaidi ya ada. Hapo hujaweka 200,000 ya vitabu na viandikwa, wala fedha ya siku za mafunzo kwa vitendo.

Niambie sasa, wewe unayelijua soko la Bunda na unayeijua Mwanza: ni kibarua gani kitampa kijana mgeni mjini shilingi 10,000 safi, baada ya nauli, kila siku ya Mungu, huku kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni yuko darasani au maabara? Kipo cha kubeba zege, na zege haimsubiri mtu amalize kipindi. Kipo cha bodaboda ya usiku, na tunajua wodi za mifupa zinajazwa na nani. Kipo cha ulinzi, usiku kucha macho makavu, asubuhi mhadhara wa fizikia. Mwili wa kijana una nguvu, ndiyo, lakini kichwa kilichokesha hakishiki kitu.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu hasara yake haionekani siku ile ile. Mwanafunzi anakosa vipindi viwili, anakosa jaribio moja, semesta inaisha ana sapu mbili. Anarudia mtihani wakati wenzake wako likizo, tena ndiyo likizo ambayo angefanya kazi vizuri. Somo likimshinda tena analibeba mwaka unaofuata. Yakizidi, anadisko, yaani anaondolewa chuoni, anarudi Guta na begi lake. Nimeona wazazi wakimlaumu kijana kama huyo kwamba alikwenda kucheza. Hakucheza hata kidogo. Alikuwa akifanya kazi usiku ili ale, na kazi ndiyo iliyomla. Angekuwa na mkopo, angekuwa na kitu kimoja ambacho fedha ya kibarua haiwezi kumrudishia: saa zake za kusoma. Mkopo wa Bodi kwa kweli ni mkopo wa muda. Serikali inamwambia kijana, soma sasa, fanya kazi baadaye, utanilipa kwa kazi hiyo ya baadaye ambayo mshahara wake ni mkubwa kuliko wa zege.

Na mabinti zetu tuseme nini? Mzazi anayemwambia binti wa miaka 19 aende mjini akajitafutie ajue mji una watu wa namna gani. Kazi zinazompokea msichana haraka ni za baa na za nyumba za wageni, na wako wanaume wazima wenye fedha wanaojua tarehe ambayo chuo kinadai ada kuliko baba yake anavyoijua. Binti mwenye bumu lake, hata kama ni dogo, ana uwezo wa kumwambia mtu hapana. Kwangu mimi sababu hii peke yake ingetosha.

Labda mzee mmoja huko atasema: sisi enzi zetu tulisomeshwa na Serikali bure, hatukudaiwa na mtu. Wazee wangu, kwa heshima zote, mlidaiwa. Mtakumbuka Oktoba 1966, pale wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam walipoandamana kwenda Ikulu kupinga utaratibu mpya wa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Msomi alitakiwa kulitumikia taifa miaka miwili: miezi ya mwanzo kambini, kisha miezi 18 kazini akipokea asilimia 40 tu ya mshahara wake. Mwalimu Nyerere, huyu wa Butiama, jirani yenu kabisa, aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao zaidi ya 300, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye. Linganisheni: vijana wale walipoteza asilimia 60 ya mshahara kwa mwaka mmoja na nusu. Kijana wa leo anakatwa 15.

Mwalimu hakuificha kamwe fikra yake juu ya jambo hili. Alikuwa akimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa ambaye wenzake wamempa chakula chote kilichobaki, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea msaada. Mtu huyo akila akatokomea, ni msaliti. Kwa hiyo deni la msomi lilikuwepo kabla ya Bodi, kabla ya fomu na alama za vidole. Gharama zilipoanza kuchangiwa miaka ya 1990, na Bodi ilipokuja, deni lile liliandikwa kwa shilingi, basi. Kijana anayetaka kumaliza chuo bila kudaiwa na yeyote anatafuta kitu ambacho Tanzania haijawahi kukiahidi.

Na kuhusu kazi, mkoa wetu una historia yake ambayo vijana wengi hawaijui. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati ule, ilikutana hapo Musoma mjini, ikatoa Azimio la Musoma. Watu hulikumbuka kwa elimu ya msingi kwa wote. Lakini lilikuwa na sehemu nyingine: mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Aende Jeshi la Kujenga Taifa, kisha afanye kazi angalau miaka miwili, na wale aliofanya nao kazi pamoja na chama wamshuhudie ndipo afikiriwe kuingia chuo. Kazi kwanza, chuo baadaye.

Wazo lile lilikuwa na uzito wake. Kijana aliingia chuoni akiwa ameshapokea mshahara, ameshaamrishwa na bosi, anajua kwa nini anasoma. Lakini angalieni kilichotokea kwa wasichana. Idadi yao chuoni ilishuka, kwa sababu miaka ile ya kusubiri ndiyo miaka ya kuposwa na kuzaa, na kufikia mwaka 1976 wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Popote pale kazi inapowekwa kama lango la masomo, wa kwanza kubaki nje ni msichana, na nyuma yake ni mtoto wa maskini. Aliyetunga sera anaweza kuwa na nia njema kabisa, na bado hilo likatokea.

Hata hivyo mpangilio ule una kitu tunachoweza kukitumia leo Guta bila sheria yoyote, nami ndipo hapa ninapokiweka kibarua. Kibarua kikae kabla ya chuo na katikati ya miaka ya chuo. Mitihani ya kidato cha sita huisha mwezi wa tano. Vyuo hufunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Baadhi ya vijana huitwa JKT kwa mujibu wa sheria, wengine wakipangiwa hapa hapa mkoani kwetu, Rwamkoma. Ukiondoa miezi ya kambi, bado inabaki miezi ya kuingia ziwani giza la mwezi linapokuja, kuvuna, kusaidia ujenzi, kufundisha tuisheni watoto wa darasa la saba. Fedha ya miezi hiyo ina kazi maalumu, na mzazi asiiguse: nauli, godoro, ndoo, na chakula cha wiki za mwanzo chuoni. Nasema wiki za mwanzo kwa sababu fedha ya Bodi haimkuti mwanafunzi getini. Lazima kwanza asajiliwe, majina yapelekwe, aweke alama za vidole, ndipo aipate. Vijana wengi huyumba katika wiki hizo hizo. Mwenye laki tatu alizozipata ziwani anapita salama. Asiye nazo anakopa kwa wenzake, na bumu likitoka linaishia kwenye madeni.

Akishafika mwaka wa pili, akijua ratiba yake na udhaifu wake, hapo afanye kitu kidogo. Nasema kidogo na namaanisha. Kinachofaa ni kazi isiyo na bosi wa kumtoa darasani: kusuka wenzake Jumamosi, kuchapa na kurudufu kazi, uwakala wa fedha za simu kwenye kibanda cha hosteli. Na sisi wa Guta tuna mali ambayo wenzetu wa Dodoma hawana. Dagaa waliokaushwa vizuri kwenye chanja, bila mchanga, ni wepisi kusafirisha, hawaozi, na mwanafunzi mwenye jiko dogo huwapenda kwa sababu kisado kimoja kinamlisha siku nyingi. Mama akituma gunia moja kwa basi mwanzoni mwa semesta, binti akawafungasha kwenye mifuko midogo na kuwauza chumba hadi chumba jioni, hiyo ni biashara inayomheshimu mwanafunzi. Haimtoi darasani na haimwamshi usiku.

Jambo la makaratasi nitalisema polepole, maana watoto wengi wa huku hukosa mkopo kwa karatasi, wala si kwa sababu hawastahili. Dirisha la maombi hufunguliwa kwenye mtandao katikati ya mwaka, na mara nyingi kijana yuko kambini au yuko ziwani. Mzazi ndiye wa kuanza, tena aanze mtoto akiwa bado kidato cha sita. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA. Kama baba au mama amefariki, cheti cha kifo nacho kitafutwe na kihakikiwe. Bila hicho, yatima mbele ya Bodi si yatima. Kama kaya iko TASAF, namba yake iandikwe. Apatikane mdhamini mwenye kitambulisho. Fomu isainiwe na ofisi ya mtaa au kijiji, kisha na wakili au hakimu. Ada ya maombi ni shilingi 30,000 na hairudishwi, kwa hiyo hakikisha kila kitu kimekaa sawa kabla ya kubonyeza.

Na majina! Watoto wetu wana jina la nyumbani, jina la ubatizo na jina la babu. Shuleni kaandikwa moja, cheti cha kuzaliwa lingine, NIDA la tatu. Mfumo hauelewi kwamba wote hao ni mtoto mmoja. Rekebisheni majina hayo mapema, akiwa bado kidato cha tatu ikiwezekana.

Wanaoniambia kwamba mkopo haumfikii kila mtu wanasema kweli. Bajeti imekua sana. Mwaka 2020/21 ilikuwa shilingi bilioni 464, mwaka uliofuata ikawa bilioni 570, na imeendelea kupanda tangu hapo. Bado wapo wanaopewa asilimia chache ya ada, na wapo wanaokosa kabisa. Aliyekosa akate rufaa, dirisha la rufaa lipo, na wengi hawalitumii kwa sababu hawajui. Mwenye ufaulu wa juu kabisa katika masomo ya sayansi aufuatilie ufadhili wa Samia ulioanza mwaka 2022/23, maana huo haurejeshwi. Na ambaye milango yote imemfungia, mimi namshauri aombe kuahirisha mwaka kuliko kwenda mjini na mikono mitupu. Mwaka mmoja wa kazi kamili hapa nyumbani, kisha aombe tena. Utaratibu wa Bodi humruhusu mwombaji aliyehitimu ndani ya miaka 5, kwa hiyo mwaka mmoja haumfungii mlango. Najua ushauri huo ni mchungu. Kudisko ni kuchungu zaidi.

Yapo pia mambo ambayo Bodi yenyewe inatakiwa kuyatazama upya, na nitakuwa sijatenda haki nikiwaambia wazazi wakope halafu nikanyamaza kuhusu haya. Mhitimu aliyejiajiri anatakiwa alipe asilimia 10 ya kipato kinachotozwa kodi, au kima cha chini cha shilingi 100,000 kila mwezi. Kwa mwenye duka Kariakoo labda ni sawa. Kwa kijana aliyerudi Guta na shahada yake ya kilimo au ya uvuvi, akafungua vizimba vya samaki au bustani ya umwagiliaji, si sawa. Kipato cha huku kina misimu. Kuna miezi ya neema, na kuna miezi ambayo uvuvi umefungwa au mvua zimegoma. Huwezi kumdai kwa kalenda ya mtumishi wa ofisini. Adaiwe kwa msimu: alipe laki tatu mwezi wa neema, na mwezi mkavu aachwe apumue. Tunawaambia vijana wajiajiri kila siku kwenye majukwaa. Basi deni lao nalo likubali kwamba wamejiajiri.

La pili linahusu vyuo. Nimesema kibarua cha mjini kinamla mwanafunzi. Kibarua cha ndani ya chuo ni kitu kingine kabisa, na hatujakijenga. Marekani wana mpango wa taifa tangu mwaka 1964: Serikali inalipa sehemu ya ujira, chuo kinalipa iliyobaki, na mwanafunzi mhitaji anafanya kazi saa chache kwa wiki maktaba, maabara au ofisini. Kuna chuo huko Kentucky kinachoitwa Berea ambako kila mwanafunzi anafanya kazi, na hakijatoza ada tangu mwaka 1892. Hata mgeni anayekwenda kusoma Marekani kwa viza ya mwanafunzi, sheria inambana asizidishe saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kwa sababu wanajua kazi ikizidi masomo yanakufa. Sina haja ya kwenda mbali sana. Hapo Kenya, Chuo Kikuu cha Kenyatta kina mpango wa kuwaajiri kwa muda wanafunzi wahitaji. Sisi hatuna mpango wa taifa wa namna hiyo. Vyuo vyetu vinaweka wakandarasi wa usafi, wa bustani, wa kantini, huku mwanafunzi mwenye njaa anavuka geti kwenda kutafuta zege.

Hapo Butiama kunajengwa chuo kikuu cha kilimo na teknolojia kwa jina la Mwalimu Julius Nyerere. Aliyeandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 ndiye mwenye jina juu ya lango. Chuo hicho kitakuwa na mashamba, mifugo, maabara na maktaba, na kila kimoja kitahitaji mikono. Nawaomba wanaokipanga, na wabunge wa mkoa huu wanaopitisha bajeti yake, waitenge mapema sehemu ya kazi hizo kwa wanafunzi wenye uhitaji: saa 10 kwa wiki, zilizopangwa kufuata ratiba ya masomo, kwa ujira unaojulikana, na fedha iingie kwenye akaunti ya mwanafunzi mwenyewe. Wenye mkopo nao waruhusiwe. Kwa sasa masharti ya Bodi yanamtaka mwombaji asiwe na kipato cha ajira au mkataba rasmi, na ukiyasoma kwa ukali, mwanafunzi anayelipwa kwa saa 10 za maktaba anaweza kujikuta matatani. Sharti hilo lilitungwa kumzuia mtu mwenye mshahara asichukue fungu la maskini, na lengo hilo ni jema. Liongezewe mstari mmoja unaosema kazi za muda ndani ya chuo hazihesabiwi. Ni kazi ya kalamu na kikao kimoja, na inaweza kufanyika kabla dirisha lijalo la maombi halijafunguliwa.